Kura 1,565 na viti viwili: nimjibu nini mwanafunzi wangu?

MWALIMU WA WETE ameuliza:

Assalaam alaykum, ndugu zangu. Mimi ni mwalimu wa uraia katika skuli moja ya sekondari hapa Wete, na wiki iliyopita nilikwama mbele ya ubao kwa swali ambalo, nikisema kweli, nilipaswa kulijua jawabu lake kabla ya kuingia darasani.

Somo lilikuwa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi hapa Zanzibar baada ya Mapinduzi, ule wa tarehe 22 Oktoba 1995. Niliandika ubaoni matokeo ya urais kama yalivyotangazwa na Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar: Dk. Salmin Amour wa CCM kura 165,271, na Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF kura 163,706. Chini yake nikaandika tofauti, yaani 1,565, nikapiga mstari, nikadhani nimemaliza. Msichana mmoja anayekaa safu ya pili, ambaye kwa kawaida hufanya hesabu zake nyuma ya daftari bila ya kumwonesha mtu, akainua mkono akasema kwamba kilichoamua si watu 1,565 bali ni watu 783, kwa sababu mpiga kura anayehama upande humpunguzia mmoja na humwongezea mwengine kwa wakati mmoja. Kisha akagawa kwa majimbo 50 yaliyokuwepo wakati ule, akapata watu wasiofika 16 kwa kila jimbo. "Hawajazi hata gari moja ya abiria ya kwenda Chake," alisema, na darasa zima likacheka.

Mimi sikucheka sana, maana nilimjua, na nilijua kuwa swali lenyewe liko nyuma. Aliniuliza wale 163,706 walikwenda wapi baada ya Rais kuapishwa. Nikamjibu kwamba walikuwa na Wawakilishi wao katika Baraza la Wawakilishi, chombo chetu cha kutunga sheria, kwani CUF ilipata viti 24 vya majimbo na CCM viti 26. Hakuridhika. Alisema kwamba ikiwa maamuzi ya Baraza hupitishwa kwa wingi wa kura, basi aliye na 26 amepata yote na aliye na 24 hakupata kitu, kwa hiyo viti hivyo 24 vilikuwa vya kukalia tu. Kengele ikalia, na sikuwahi kuifurahia kengele kama siku ile.

Naomba wenye ujuzi wanisaidie. Uchaguzi wa urais unapokuwa wa karibu namna hii, ukaribu huo unaonekana wapi ndani ya chombo cha kutunga sheria, au unafutika siku Rais anapoapa? Na je, mwaka 2010, ambapo matokeo yalikaribiana tena, mambo yalikuwa tofauti kwa sababu ya sheria au kwa sababu ya watu? Sitaki mjadala wa nani aliibiwa na nani hakuibiwa, kwa maana huo tunao kila baraza ya kahawa. Nataka kujua namna chombo kinavyofanya kazi.

KARANI MSTAAFU, Unguja, amejibu:

Wa alaykumus salaam, Mwalimu. Mpe hongera mwanafunzi wako, kwa sababu hesabu ya watu 783 ni sahihi kabisa: wangehama wao tu, aliyeshinda angebaki nyuma kwa kura moja. Mwaka huo nilikuwa karani katika kituo kimoja cha kura upande wa kaskazini ya Unguja. Usiku, tukihesabu kwa mwanga wa karabai, tulipata karatasi ambayo alama yake ilikuwa imekaa juu ya mstari unaowatenganisha wagombea wawili, si juu wala si chini. Mawakala wa vyama viwili waliinamia karatasi ile mpaka vichwa vyao vikagusana, na ilichukua karibu nusu saa kabla ya kukubaliana kuwa imeharibika. Wakati ule nilidhani wanapoteza muda. Matokeo ya nchi nzima yalipotoka, nilielewa kwa nini walikuwa hawana haraka.

Sasa tuje kwenye swali. Urais hupigiwa hesabu katika kapu moja: kura zote za Unguja na Pemba humwagwa pamoja, na aliyezidi, hata kwa moja, huchukua cheo chote, kwa sababu cheo hakigawanyiki. Baraza la Wawakilishi huhesabiwa katika makapu mengi, kila jimbo na lake. Mwaka 1995 CUF ilishinda majimbo yote 21 ya Pemba na matatu ya Unguja, na CCM ikachukua yaliyobaki 26. Mpaka hapo mgawanyo wa viti unafanana sana na mgawanyo wa kura, jambo ambalo halitokei mara kwa mara katika mfumo wa majimbo, na laiti Baraza lingekuwa la watu 50 tu, Serikali ingelazimika kuhesabu vichwa kila mswada unapofika.

Lakini Baraza halikuwa la watu 50. Rais alikuwa na haki ya kuteua wajumbe 10. Wakuu wa Mikoa, ambao ni watano na wote ni wateule wake, waliingia kwa nyadhifa zao. Mwanasheria Mkuu naye ni mjumbe. Hesabu kwa kidole: 26 wa majimbo, 10 wa kuteuliwa, watano wa mikoa na mmoja wa sheria, jumla 42, dhidi ya 24. Hapo bado hujagusa viti maalumu vya wanawake, ambavyo vyama viligawana. Pengo la viti viwili lililotoka kwa wapiga kura likawa pengo la viti 18 kabla ya Baraza kufungua kikao chake cha kwanza. Kwa hiyo mwanafunzi wako alikuwa na haki ya kushuku, ingawa alishuku mahali ambapo si penyewe: kilichowamaliza wale 24 hakikuwa wale 26, bali ni wale 16 ambao hawakupigiwa kura na mtu.

Linganisha na 2010. Dk. Ali Mohamed Shein alipata kura 179,809 na Maalim Seif 176,338, tofauti ya 3,471. Viti vya majimbo vilikuwa 28 kwa 22. Ukitazama juu juu utasema ni hadithi ile ile, lakini kanuni za mchezo zilikuwa zimeshabadilika mara mbili. Mabadiliko ya kwanza yalikuja mwaka 2002, kufuatia Muafaka wa pili, yaani makubaliano ya CCM na CUF, uliotiwa saini tarehe 10 Oktoba 2001, ambapo kati ya wale wateule 10 wa Rais iliwekwa sharti kwamba wawili wapatikane kwa kushauriana na upinzani. Mabadiliko ya pili ni yale makubwa ya mwaka 2010, ya kumi kwa hesabu, ambayo yaliipa Serikali muundo wa Umoja wa Kitaifa, yaani chama kilichoshika nafasi ya pili nacho huingia Serikalini. Wakuu wa Mikoa siku hizi hawamo Barazani, na viti vya wanawake ni asilimia 40 ya viti vya majimbo, yaani 20 kwa majimbo 50.

Ukipiga hesabu ya Baraza la 2010 utaona majimbo 50, wanawake 20, wateule 10 na Mwanasheria Mkuu, jumla 81. Sheria ya kawaida, kama ya bajeti au ya ushuru wa bandari, hupita kwa wingi wa kura, na hapo CCM ilikuwa haina shida. Katiba ndiyo yenye kufuli. Mswada wa kubadilisha Katiba ya Zanzibar unataka theluthi mbili ya wajumbe wote, si ya waliohudhuria, na theluthi mbili ya 81 ni 54. Chama cha Rais kilikuwa na 28 wa majimbo, 11 wa viti maalumu, wanane wa kuteuliwa, na tuseme tumempa na Mwanasheria Mkuu: ni 48. Sita wanapungua, na sita hao hawapatikani ila kwa kwenda kuzungumza na upande wa pili. Hapo ndipo zinapokaa kura 176,338, Mwalimu. Hazikumpata rais, lakini zilishika ufunguo mmoja wa kufuli lenye funguo mbili.

Na kuna jambo jingine ambalo watu husahau, labda kwa sababu halina shamrashamra. Tume ya Uchaguzi yenyewe, tangu mabadiliko ya 2002, inapata baadhi ya wajumbe wake kupitia Barazani: wawili kwa mapendekezo ya Kiongozi wa Shughuli za Serikali Barazani na wawili kwa mapendekezo ya Kiongozi wa Upinzani Barazani. Maana yake ni kwamba viti unavyoshinda leo vinaamua ni nani atakaa mezani kuhesabu kura za kesho. Kwa mtazamo wangu hilo lina uzito kuliko hotuba zote zinazotolewa wakati wa bajeti.

BINT MKOANI amejibu:

Nimesoma maelezo ya Mzee Karani kwa makini na sina ugomvi na hesabu yake, lakini naona amemjibu mwanafunzi kwa idadi ya viti na akasahau kwamba kiti hakipigi kura, anayepiga kura ni aliyekikalia. Baada ya uchaguzi wa 1995 CUF haikuyatambua matokeo ya urais, na Wawakilishi wake wakasusia vikao vya Baraza. Hali hiyo iliendelea mpaka ulipopatikana Muafaka wa kwanza mwaka 1999 kwa usuluhishi wa Jumuiya ya Madola, chini ya Katibu Mkuu wake wa wakati ule, Emeka Anyaoku. Kwa miaka hiyo yote, mtu wa Mkoani aliyekuwa na shida ya maji au ya gati alikuwa na Mwakilishi aliyemchagua kwa kura nyingi mno, na jina la jimbo lake halikutajwa Barazani na mtu anayelijua jimbo lenyewe.

Marehemu baba yangu alikuwa akisikiliza Baraza kwenye redio, kipindi cha maswali na majibu, huku akianika karafuu kwenye majamvi mbele ya nyumba. Nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka alivyokuwa akisema kila jimbo la kwetu linapopitwa: "Hayupo." Hakuwa analaumu wala hakuwa anatetea. Alikuwa anahesabu tu, kama anavyohesabu pishi.

Kwa hiyo mimi ningemwambia mwanafunzi kwamba ukaribu wa matokeo unaweza kufutika kwa njia mbili. Moja ni ile aliyoieleza Mzee, ya kuongeza wateule mpaka pengo likawa pana. Ya pili ni ya aliyeshindwa kutoka nje ya ukumbi. Ninaelewa sababu za waliosusia, na sidhani kama ilikuwa rahisi kumtaka mtu akae mbele ya serikali anayoamini kuwa haikuchaguliwa, hasa ukizingatia kwamba Katiba haimruhusu mtu kwenda mahakamani kupinga urais baada ya Tume kumtangaza mshindi. Mwenye malalamiko ya ubunge au uwakilishi anayo mahakama, lakini mwenye malalamiko ya urais hana mlango wa kubisha, na ukifunga mlango wa mahakama usishangae watu wakitumia mlango wa kutokea Barazani.

Kuhusu kama mwaka 2010 ilikuwa sheria au watu, naona watu walitangulia na sheria ikafuata. Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif walikutana tarehe 5 Novemba 2009, na hakuna kifungu kilichowalazimisha. Lakini baada ya hapo kazi ilihamia Barazani, na hapa ndipo panaponipendeza mimi: Januari 2010 hoja ya kuunda Serikali ya Umoja wa Kitaifa iliwasilishwa na Kiongozi wa Upinzani, Abubakar Khamis Bakary, wala haikuwa hoja ya Serikali, na Baraza likaiunga mkono. Ikaja kura ya maoni tarehe 31 Julai 2010, ambapo asilimia 66.4 walisema ndiyo, na baada yake Baraza likabadilisha Katiba. Laiti upinzani ungekuwa nje kama ilivyokuwa katika miaka ile ya tisini, hoja ile isingekuwa na mtu wa kuisimamia.

Kisha utazame 2016. Uchaguzi wa tarehe 25 Oktoba 2015 ulifutwa na Mwenyekiti wa Tume tarehe 28 Oktoba, ukarudiwa tarehe 20 Machi 2016, na CUF ikasusia marudio hayo. Dk. Shein akatangazwa kwa asilimia 91.4, na majimbo yote yakachukuliwa na chama kimoja. Katiba inataka chama kilichoshika nafasi ya pili katika urais kiwe kimepata angalau asilimia 10 ndipo kitoe Makamu wa Kwanza wa Rais. Kisipofika, hutazamwa chama cha pili kwa viti vya majimbo Barazani. Hapakuwa na chama kilichofika asilimia 10, wala hapakuwa na chama cha pili Barazani. Kiti cha Makamu wa Kwanza kikabaki kitupu mpaka Disemba 2020. Muundo wa Umoja wa Kitaifa umo ndani ya Katiba muda wote huo, maandishi yake hayakuguswa, na ofisi haina mtu.

MJUKUU WA CHAKE amejibu:

Naomba kuongeza jambo la zamani zaidi, kwani mnazungumza kama vile matokeo ya kukaribiana yalianza 1995. Uchaguzi wa Januari 1961 ulikuwa wa Baraza la Kutunga Sheria la enzi ya ukoloni, ambalo lilikuwa na viti 22 vya kuchaguliwa, na kiongozi wa serikali alitokana na wingi wa viti, si kwa kupigiwa kura na wananchi wote. ASP (Afro-Shirazi Party) ilipata viti 10, ZNP (Zanzibar Nationalist Party) viti tisa na ZPPP (Zanzibar and Pemba People's Party) viti vitatu, na kimoja katika vile 10 vya ASP kilikuwa cha hapa kwetu Chake Chake, ambacho kilipatikana kwa kura moja. Kura moja, Mwalimu. Babu yangu aliishi miaka mingi baada ya hapo na kila akitajiwa uchaguzi ule alikuwa akiuliza ni nani aliyeugua siku hiyo akashindwa kufika kituoni.

Kwa hesabu ile ZPPP ndiyo iliyokuwa na uamuzi mkononi. Wajumbe wake watatu wakagawanyika: wawili wakaenda na ZNP na mmoja akaenda na ASP. Ikawa 11 kwa 11, na serikali ya kudumu haikuweza kuundwa. Mwanafunzi wako anayependa hesabu atafurahi kusikia dawa iliyotumika: liliongezwa jimbo moja, vikawa viti 23, ili isiwezekane tena kugawana sawa kwa sawa, na uchaguzi ukarudiwa Juni 1961. Safari hii ASP 10, ZNP 10, ZPPP 3, na wawili hao wa mwisho wakaungana wakawa 13. Serikali ikapatikana, lakini uchaguzi huo uliambatana na machafuko yaliyoua watu 68, wengi wao Unguja. Namba witiri inazuia sare ya viti, haizuii hasira.

Julai 1963 ndiyo yenye somo kubwa zaidi kwa swali hili. Viti vilikuwa 31. ASP ilipata zaidi ya asilimia 54 ya kura zote lakini ikapata viti 13 tu, kwa sababu kura zake zilirundikana katika majimbo iliyoshinda kwa wingi mkubwa. ZNP ilipata 12 na ZPPP sita, jumla 18, na Sheikh Muhammad Shamte, mtu wa Pemba, akaongoza serikali iliyopokea uhuru tarehe 10 Disemba 1963. Laiti pangekuwa na uchaguzi wa rais wa kapu moja, kama anavyosema Mzee Karani, mshindi angekuwa mwengine. Serikali hiyo ilidumu mwezi mmoja na siku mbili.

Nasema hivi ili mwanafunzi asidhani kwamba Baraza ndilo kioo cha haki na urais ndio unaopotosha. Mwaka 1995 viti vilifuata kura kwa karibu, na 1963 viti vilikwenda kinyume cha kura. Inategemea mipaka ya majimbo imepita wapi. Hata hapa kwetu, Pemba ilikuwa na majimbo 21 mwaka 1995, yakawa 18 mwaka 2005, bila ya mtu hata mmoja kubadilisha chama. Mwenye kuchora mpaka ana kura ambayo haionekani kwenye karatasi.

MWALIMU WA WETE amejibu:

Nawashukuru nyote. Leo asubuhi nimelirudia somo, na badala ya kuandika ubaoni niliwapa wanafunzi kokwa za mbura, nyekundu na nyeupe kwa rangi ya chaki, wakazipanga katika visahani 50 vya karatasi. Waliweza kutengeneza wenyewe hali ya 1963: upande mmoja una kokwa nyingi zaidi mezani na visahani vichache. Yule msichana aliitengeneza mara tatu kabla ya kukubali kuwa hakuna aliyemdanganya.

Nimebakiwa na jambo moja. Wanafunzi wameniuliza kuhusu Bunge la Muungano, kwa kuwa mpiga kura wa Zanzibar hupewa karatasi tano: Rais wa Muungano, Rais wa Zanzibar, Mbunge, Mwakilishi na Diwani. Niliwaambia kwamba Bunge ni la mambo ya Muungano na Baraza ni la mambo ya Zanzibar, lakini nahofia nimelirahisisha mno. Je, huko Dodoma nako kuna kufuli la namna ile?

KARANI MSTAAFU, Unguja, amejibu:

Umelirahisisha, lakini hukukosea. Bunge hutunga sheria za mambo ya Muungano kwa nchi nzima na pia sheria za mambo yasiyo ya Muungano kwa Tanzania Bara, na Wabunge wa kutoka huku wanakaa humo kwa yote mawili, jambo ambalo wenzetu wa Bara hulilalamikia mara kwa mara na sioni kama wanakosea kulilalamikia. Sheria ya Bunge inayohusu jambo la Muungano, ili itumike hapa, Katiba ya Zanzibar inataka iletwe mbele ya Baraza la Wawakilishi na waziri anayehusika. Baraza nalo huchagua wajumbe wake watano kwenda kuwa Wabunge, kwa hiyo wapo watu wanaokaa Chukwani, kwenye ukumbi wa Baraza, wiki hii na Dodoma wiki ijayo.

Kufuli lipo, na ni zito kuliko la kwetu. Baadhi ya mambo ya Katiba ya Muungano, kama kuwepo kwa Jamhuri yenyewe, mamlaka ya Serikali ya Zanzibar, Mahakama Kuu ya Zanzibar, orodha ya mambo ya Muungano na idadi ya Wabunge wa Zanzibar, hayabadilishwi kwa theluthi mbili ya Bunge zima tu. Inatakiwa theluthi mbili ya Wabunge wa Bara na theluthi mbili ya Wabunge wa Zanzibar, kila upande ukihesabiwa peke yake. Katika uchaguzi wa 2020 majimbo ya Bara yalikuwa 214 na ya Zanzibar 50, na kwa mambo hayo machache wale 214 wote wakikubaliana bado watawasubiri wa huku. Utaratibu huo wa kuhesabu kila upande mbali ndio uliotumika pia katika Bunge Maalumu la Katiba la mwaka 2014.

Ninamkubalia Bint Mkoani kuhusu viti vitupu. Hata hivyo nasisitiza kwamba hata aliyekaa ndani hana nguvu ikiwa mwenzake ameshapata theluthi mbili peke yake, na ndiyo maana mimi, matokeo yakitoka, husubiri idadi ya viti kabla ya kuuliza nani kawa rais. Watoto wangu huniona wa ajabu.

Jambo la mwisho ni la kokwa zako. Ikiwa utafika kwenye uchaguzi wa 2015 na marudio yake ya 2016, ongeza visahani vinne, kwa sababu majimbo yalikuwa 54 wakati huo, na viti maalumu vya wanawake navyo vikapanda mpaka 22. Mwaka 2020 majimbo yalirudi 50. Usipofanya hivyo theluthi mbili yako haitatoka sawa, na yule binti wa safu ya pili atakuwa wa kwanza kuinua mkono.